Shangazi na Mama Mkwe: Miaka Thelathini na Miwili ya Kung'oa

Tarehe thelathini ya mwezi huu, saa tisa na nusu alasiri, Shangazi atatundika ufunguo wa karakana kwenye msumari wake kwa mara ya mwisho. Atakuwa ametimiza miaka thelathini na miwili, miezi minne na siku kadhaa katika kitengo chetu cha kutunza chanzo cha maji. Hizo siku kadhaa karani wa utumishi anazijua kamili. Shangazi mwenyewe anasema alianza enzi zile bomba la ofisini lilipokuwa bado linatoa maji bila kukohoa.

Aliajiriwa kama mfyekaji wa muda, kwa miezi mitatu. Anastaafu akiwa msimamizi wa karakana na vifaa vyote vya mkono. Kuchomelea vyuma hakufundishwa darasani. Alijifunza kwa kumkodolea macho fundi wa magari wakati wa chai, mpaka fundi akachoka kutazamwa akampa miwani ya kuchomelea. Jina la Shangazi alipewa na vibarua, kwa sababu anagomba kama shangazi na analisha kama shangazi. Hajawahi kumpita mtu mwenye njaa, wala mtu aliyeacha panga nje likinyeshewa.

Kwa wageni watakaosoma programu hii ya kuagana bila kuijua kazi yetu, maelezo ni mafupi. Juu ya chemchemi inayonywesha mji kuna mteremko. Zamani mtu fulani alileta huko mti wa miiba uwe ua wa kuzuia mifugo. Uliletwa uwe ua, ukageuka mwenye nyumba. Miche yake huota minene kama nywele, nayo hunywa maji mchana kutwa. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mgeni huyu alipewa panga, na hapo ndipo tulipokosea.

Katika mwaka wa kwanza wa Shangazi, kikosi cha watu ishirini kiliufyeka mteremko mzima kwa siku kumi na mbili. Mkuu wa wakati huo aliandika kwamba kazi imekwisha, mpiga picha akaitwa. Picha hiyo iko hadi leo kwenye korido, kando ya mlango wa masjala: Shangazi ni wa pili kutoka kushoto, panga juu, meno yote nje. Mvua zilipokuja, kila kisiki kilitoa machipukizi matano, vingine saba. Mwaka uliofuata mteremko ulikuwa msitu wa miiba mnene kuliko mwanzo, chemchemi ikasinyaa ikawa na unene wa kidole gumba, na mjini watu wakaanza kupanga foleni za ndoo. Mara mbili tumetaka kuishusha picha hiyo wakati wa kupaka rangi, na mara zote mbili Shangazi amesimama chini ya ngazi kumsimamia fundi wa rangi mpaka airudishe. Anasema anataka kuiona kila anapokwenda kusaini.

Tangu mwaka ule aliweka nadhiri moja, na kila mtu hapa anaijua. Hataondoka kazini kabla Mteremko wa Chemchemi haujaandikiwa karatasi ya kuwa safi. Kanuni yetu ni ngumu: mkaguzi hatii saini mpaka ipite miaka miwili mizima bila chipukizi hata moja. Na tarehe ya kustaafu, kama mnavyoijua, haisubiri mtu.

Alianza na daftari. Daftari la kazi lilikuwa na safu moja tu ya hesabu, iliyoitwa Iliyofyekwa. Shangazi alichukua rula na kalamu nyekundu akaigawa mara mbili: Iliyokatwa na Iliyong'olewa. Jioni kila mtu anaandika mwenyewe, kwa mkono wake, kile alichofanya. Hakuwahi kusimama juu ya bega la mtu kumhakiki. Alisema daftari si askari, ni kioo.

Halafu akaja na chombo. Mche wa mwaka mmoja tayari umeteremsha mzizi urefu wa mkono mzima; ukiuvuta kwa kiganja unabaki na majani na miiba, ukiuchimba kwa jembe unaamsha mbegu mia zilizokuwa zimelala. Basi Shangazi akaokota springi ya lori bovu, kipande cha bomba la maji na bawaba ya geti, akajifungia karakana. Chombo cha kwanza kilifunguka njiani kikamtupa dereva wa lori chali kwenye dimbwi. Cha pili hatukizungumzii. Cha tatu kikafanya kazi: taya mbili za chuma zinalishika shina chini kabisa, unakanyaga kibao, unavuta mpini kuelekea kifuani, na kadiri unavyovuta ndivyo taya zinavyobana. Mche unatoka na mzizi wake wote, mweupe, kama mtu aliyevuliwa blanketi.

Dereva yule wa dimbwini ndiye aliyekipa jina la Mama Mkwe. Alieleza kwamba kinakushika shingoni taratibu, bila kelele, na hakikuachii mpaka kiujue ukoo wako wote. Jina likashika. Likashuka mlimani, likaingia mjini, likafika nyumbani kwa Shangazi, ambako mkwe wake wa kweli, mama wa mumewe, alikuwa akiishi chumba cha pili.

Siku tatu Shangazi alikuja kazini akiwa mpole kupita kiasi. Siku ya nne mama mwenyewe alikuja karakana amevaa viatu vya kanisani, akamsalimia kila mtu, akaomba aonyeshwe huyo mwenzake. Akapelekwa nyuma ya stoo ambako mche mmoja ulikuwa umejiotea. Akaupima kwa macho, akakanyaga kibao, akavuta mara moja tu. Mche ukatoka mzima. Akaukung'uta udongo, akamkabidhi mkaza mwanawe, akasema, "Jina mmelipatia." Kuanzia siku hiyo alikuwa akiulizia maendeleo ya chombo kama mtu anavyoulizia mjukuu. Mumewe Shangazi, fundi cherehani, hakutaka kupitwa. Yeye ndiye aliyeshona mikanda yote ya kubebea kutokana na mikanda ya viti vya magari mabovu.

Kwenye orodha ya mali ya ofisi, Mama Mkwe ameandikwa kwa jina la kiungwana: Kifaa cha kung'olea miche, kinachobebeka. Ni wazi aliyeandika neno hilo la mwisho hakuwahi kukibeba. Kina kilo tisa wakati wa kupanda mlima, na kumi na tisa wakati wa kushuka.

Shangazi hakuwa adui wa mashine. Zilipoletwa zile za petroli za kufyekea, zinazovaliwa begani, yeye ndiye wa kwanza kuwasha moja, na majani ya uwanjani tangu hapo hayajapumua. Miti minene alikubali ikatwe kwa msumeno na kisiki kipakwe dawa papo hapo. Lakini kwa kila kitu chembamba kuliko kifundo cha mkono, alikuwa haelewi lugha nyingine isipokuwa kung'oa. Wengi mnakumbuka kikao kile kirefu cha mgawanyo wa zamu, mkurugenzi aliposimama akasema leo tunaukata mzizi wa fitina. Shangazi akainua mkono. Kwa heshima zote, akasema, mzizi haukatwi, ukiukata fitina itarudi na ndugu zake watano. Kumbukumbu za kikao zilisahihishwa, na hadi leo katika jengo hili mzizi wa fitina hung'olewa.

Methali nyingine aliichukua kama ratiba. Watu husema udongo uwahi ungali maji wakiwa na maana ya malezi. Yeye alikuwa na maana ya udongo. Mvua ikikatika alfajiri, saa moja tayari yuko getini na buti zake za mpira, anahesabu watu, kwa sababu ardhi iliyolowa inauachia mzizi bila ugomvi. Ndoa mbili za wafanyakazi wa hapa zilichelewa kufungwa asubuhi kwa ajili hiyo. Zote mbili zingali imara, na yeye huzihesabu miongoni mwa mafanikio yake.

Mpaka hapa nimejitahidi kuandika kama wanavyoandika watu wa programu. Sasa naomba ruhusa nijitaje, maana kilichobaki siwezi kukisema nikiwa nyuma ya pazia.

Miaka tisa iliyopita nilikuwa mgeni kazini, na mfupi kuliko wote, kama ninavyoendelea kuwa. Mpini wa Mama Mkwe ulikuwa umepimwa kwa watu warefu. Kila nikivuta, kiuno kilikuwa kinalia kabla ya mche kutoka. Ijumaa moja nilipangiwa sehemu ya nyuma ya jiwe kubwa, pale juu kabisa. Kulikuwa na miche kumi na minne. Nilijaribu mmoja, wa pili, nikaketi chini nikalia kidogo kwa hasira. Halafu nikachomoa panga. Nikaikata yote kumi na minne, nikafukia visiki kwa udongo, nikapanga mawe juu. Jioni nikaandika kumi na nne kwenye safu ya Iliyong'olewa.

Njia ya mwongo ni fupi, lakini yangu ilikuwa na urefu wa miaka tisa. Jumatatu yake nilikuta mezani kwangu Mama Mkwe mpya, mwenye mpini uliopunguzwa na kibao kilichopanuliwa, na mkanda uliopachikwa sponji begani. Shangazi alisema tu kwamba alikuwa na vyuma vya ziada, na kwamba watu wafupi nao ni watu. Tulicheka. Kwa chombo kile sikuwahi tena kukata mche nilioweza kuung'oa, wala sikuwahi kurudi nyuma ya jiwe. Kila alipotupangia sehemu, pale alijipangia mwenyewe.

Tarehe kumi na mbili ya mwezi huu mkaguzi alikuja kwa ajili ya karatasi ya Shangazi. Tulipanda sote, na yeye mbele, akiwa amebakiza siku kumi na nane za utumishi. Mnisamehe mlioniuliza kwa nini nilibaki nyuma njia nzima. Nilikuwa najua nilichofukia. Chipukizi moja tu nyuma ya jiwe lile, na nadhiri ya zaidi ya miaka thelathini ingevunjika kwa mkono wangu. Mkaguzi alizunguka jiwe taratibu, nami nikamfuata. Hapakuwa na kitu. Hata mawe yangu hayakuwepo. Kulikuwa na nyasi fupi, na vishimo vidogo vilivyokwisha kuzibwa na miaka. Mkaguzi akatia saini akiwa ameegemeza karatasi kwenye jiwe lenyewe. Shangazi aliipokea, akaikunja mara nne, akaitia mfukoni, akasema twende tukanywe chai. Mimi nilidhani nimebahatika.

Juma lililopita nilipewa kazi ya kuandika wasifu huu, nikafungua madaftari ya zamani stoo nitafute tarehe. Nikaikuta Ijumaa yangu, na ile kumi na nne yangu ya uongo. Chini yake, kwa mwandiko wa Shangazi, siku ya Jumamosi ambayo haikuwa siku ya kazi, kulikuwa na mistari miwili: "Nyuma ya jiwe, nimeng'oa visiki kumi na vinne. Vimekatwa na mtu aliyechoka. Mpini ni mrefu mno kwake, kosa langu." Mwaka uliofuata, mwezi uleule: "Nyuma ya jiwe, nimepita. Hakuna." Na uliofuata. Mara nane.

Shangazi, haya unayasoma leo pamoja na wengine, kwa sababu nikikwambia faraghani utasema ulikuwa na vyuma vya ziada. Kosa halikuwa lako. Ulinijua, ukanificha, ukanitengenezea mpini badala ya kunitengenezea barua ya onyo. Nakupenda, na nimeona haya, na yote mawili nayasema mbele ya watu.

Niruhusu pia nitangaze, kwa niaba ya kitengo, kwamba Mama Mkwe mwenye mpini mrefu, yule wa tatu, wa springi na bawaba, ameondolewa kwenye orodha ya mali ya ofisi na atashuka nawe nyumbani. Dereva ameomba ambebe yeye. Picha ya korido inabaki ilipo, na karatasi ya mkaguzi itatundikwa chini yake ukikubali kuitoa mfukoni.

Asante kwa maji, Shangazi. Asante kwa kugomba, na kwa viazi ulivyotuletea kwa chai ya saa nne. Tunakutakia asubuhi nyingi za mvua ambazo huna haja ya kuziamkia, kiuno kisichouma, na mume atakayekushonea kitu kingine mbali na mikanda. Nenda ukapumzike bila wasiwasi wa mteremko. Leo asubuhi nimelichukua daftari la mwaka ule, nimeifuta kumi na nne yangu kwenye safu ya Iliyong'olewa, nikaiandika kwenye safu ya Iliyokatwa, nikatia saini.