Sajini Ocaya Onen na Sahihi ya Mkewe

Ndugu, majirani na marafiki mliofika hapa Bugolobi, mimi ni Otema, mdogo wake marehemu, familia imenipa kazi ya kuwasomea maisha yake, mnivumilie sauti ikikatika.

Sajini mstaafu Ocaya Onen alizaliwa tarehe 14 Machi 1961 huko Kitgum, mtoto wa kwanza wa askari, akasoma shule ya kambini hadi mwaka 1975, akajiunga na polisi mwaka 1982, akatengeneza magari ya kikosi kwa miaka thelathini, na alipostaafu akafungua gereji Katwe, ambako gari halikutoka bila yeye mwenyewe kulala chini yake na kukagua breki, hata mwenye gari apige honi namna gani.

Tarehe 12 Agosti 1989 alimwoa Zubaida Sebit wa Bombo, baada ya wazee wa huko kumkatalia mara mbili, kila mmoja akabaki na dini yake, wakajaliwa Atoo na Tamim, walioshiba sikukuu za pande zote mbili bila aibu.

Jumatatu tarehe 8 Septemba 2025, saa moja na nusu asubuhi, mkono wake wa kulia ulilegea akiwa mezani na maneno yakamkwama, akakimbizwa hospitalini, picha ya kichwa ikaonyesha damu iliyoganda imeziba mshipa wa ubongo, daktari akamweleza shemeji Zubaida faida na hatari za dawa ya kuiyeyusha, naye akasaini kukubali. Mchana kaka aliongea, akatuita wote kwa majina, akamtania Zubaida kuwa chai aliyoiacha mezani lazima imepoa. Jumanne jioni kichwa kilimuuma sana, akapoteza fahamu, na Alhamisi tarehe 11 akatutoka.

Nakiri mbele yenu kwamba ni mimi niliyesema kwenye korido kuwa shemeji amesaini kifo cha kaka, maneno yakafika hadi Katwe, na tangu hapo yeye hajatia kitu mdomoni. Daktari alinikalisha akanieleza kwamba mishipa midogo ya ubongo, myembamba kuliko unywele, ilipokosa damu kwa saa zile kuta zake zilidhoofika, na damu iliporudi ikavuja, ubongo ukavimba, jambo linalowapata wachache, lakini bila dawa ile huenda tusingemsikia tena kabisa. Niliona haya.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliotupikia, polisi wenzake, na mafundi wa Katwe waliofunga kazi siku tatu.

Shemeji Zubaida, nimekukosea, nisamehe mbele ya hawa hawa walionisikia, na kesho kwenye mazishi Kitgum utatangulia wewe kutia udongo, sisi tutakufuata. Kaka, pumzika kwa amani, mke wako hana kosa.