Hakimu Kaenda Kongamanoni

Kijiwe chetu ni benchi moja la mbao, kati ya kinyozi na fundi cherehani, mguu mmoja mfupi umewekewa tofali. Mwanamke pale ni mimi peke yangu, na hawathubutu kunifukuza maana siri za wote ninazo. Naitwa Bibi Ehee, kwa sababu mtu akinipa habari mimi sina jibu ila "ehee?" mpaka atoe na za chumbani kwake. Jina hilo alinipa Hakimu, binti wa fundi cherehani, yule aliyezaliwa na hali ambayo madaktari wanaiita Down. Mtoto si mtoto tena, mvi ya kwanza keshaiota. Hakimu tunamwita kwa kuwa yeye ndiye anayefunga kikao. Birika likikauka anapita, anafudikiza kikombe cha kila mtu kwenye sinia, anasema "Chini!", na hapo hata uwe katikati ya neno, unanyanyuka unakwenda kwako. Sasa kibanda cha fundi kimefungwa. Baba, mama na binti wamepanda ndege, wamekwenda kwenye kongamano la watu wa Down, na sisi tumebaki na benchi letu.

— Kwanza tuelewane, alianza Mwalimu Nusu. Huyu alifundisha muhula mmoja tu, wakamwachisha, lakini ualimu ukakataa kumtoka. — Dauni ni Kizungu. Maana yake chini.

— Chini ya nini? nikamuuliza.

— Chini tu, Bibi.

— Na mbona wamepandishwa juu, kwenye ndege? Huyo ni Redio, kinyozi, asiyezimika.

— Fimbo ya mbali haiui nyoka, akajibu Mwalimu Nusu.

— Sasa hapo nyoka nani?

— Methali haihojiwi, bwana!

— Acheni uongo, nikasema. Mama yake alinidokeza zamani: Down ni jina la daktari aliyeieleza hali hiyo. Basi.

— Yaani ukimwona mtu kabla ya wenzako unambandika jina lako? Redio akaruka. Basi angeitwa Kinyozi! Nywele zake za kwanza nani alizinyoa?

— Ukamkata sikio.

— Nilimkwaruza, Bibi! Na akanibusu shavu. Mteja gani mwingine ukimkwaruza anakubusu?

Mzee Birika, mwenye kahawa yake, akacheka kidogo, kisha akageukia birika lake. Juma zima alikuwa hivyo.

Redio akatoa simu. Mama wa Hakimu alikuwa ametuma picha: watu wamejipanga mbele ya ukumbi, wanacheka, macho yao yamefanana kama wametoka chungu kimoja.

— Mnaona? Mwalimu Nusu akadakia. Huo ni ukoo. Walitawanyika zamani, sasa wanaitana. Kongamano ni kikao cha ukoo. Na damu nzito kuliko maji.

— Na fundi na mkewe?

— Walezi tu.

— Walezi! Mzee Birika akaweka birika chini kwa kishindo. — Na mimi niliyempozea kahawa kwa kuihamisha kati ya vikombe viwili tangu hajui kutembea, mimi nani? Maji?

Nikakumbuka siku ile, na najua nao waliikumbuka. Mama yake alikuwa akimficha nyuma ya pazia la kibanda, watu wakija kupima nguo wanasikia kicheko tu, hawaoni mtu. Siku moja fundi akatoka naye kifuani, pini kibao mdomoni, akamkalisha kati yangu na Mzee Birika. Akasema kwa meno: "Nishikieni." Tukabaki tumekodoa macho. Yule mtoto akachukua kikombe, akakifudikiza kwenye sinia, akakipiga kofi mgongoni: "Chini!" Neno lake la kwanza, jamani. Na Mzee Birika, kahawa anayo nusu birika, akakusanya vyombo akaenda nyumbani!

— Lakini kuna na sauti, Redio akasema polepole. Imeingia asubuhi. Sikutaka kuwasikilizisha.

Akaibonyeza. Mama wa Hakimu huyo, nyuma yake kelele za sahani:

"Jamani wa kijiweni, hamjambo? Mwenzenu keshawapa watu majina huku. Daktari wao mkubwa anamwita Kijiko, eti anakoroga sana maneno. Sasa kuna hoteli inafundisha watu kama yeye, wamemwona anavyopanga vikombe, wanataka abaki. Kazi, mshahara, na chumba chake. Baba yake anasema abaki. Mimi sijui niseme nini."

Safari hii hata mimi sikusema "ehee".

— Hawamtaki kwa vikombe hao, Mwalimu Nusu akasema. Watamfanya hakimu wa mataifa. Nchi zikipigana anapita katikati, anafudikiza mizinga. "Chini!" Majeshi yananyanyuka, kila mtu kwao.

— Chovya chovya humaliza buyu la asali, akasema Redio. Hata yeye hakujua kwa nini.

— Abaki, akasema Mzee Birika. Chumba chake mwenyewe, na mlango wake. Si pazia. Abaki.

Akamimina. Yakatoka matone mawili na machicha.

Hapo akafika mgeni, kijana wa watu, suruali begani ya kupunguzwa. Akatazama kufuli la fundi, akatugeukia.

— Shikamooni. Kahawa ipo?

— Marahaba. Imekwisha.

— Sasa mnasubiri nini?

Mwalimu Nusu akafungua mdomo, methali ikagoma. Redio akazima simu, kisha akaiwasha. Mzee Birika akawa anafuta birika ambalo halikuwa na doa. Kwenye sinia vikombe vilikaa midomo juu, kama vifaranga vinavyomngoja mama yao, na kati yetu wote hakuna aliyekuwa na mkono wa kuvigusa.

Kijana akaja kukaa katikati ya benchi, kati yangu na Mzee Birika.

— Kaa, mwanangu, nikamwambia. Ila sogea kidogo. Hapo pana mwenyewe.