Masale Niliyoyapanda Msituni

Sogeeni hapa kitandani wanangu, shikamoo zenu nimeshazipokea, Magreth weka simu chini, na wewe Elihuruma kaa, maana pumzi iliyobaki ni ya maneno haya tu, na leo nina furaha mpaka moyo unarukaruka.

Mnakumbuka mlivyonicheka nilipoanza darasa la watu wazima kanisani, eti bibi wa miaka sabini na nne anashika penseli. Elimu haizeeki, wanangu. Jumamosi moja nikapanda mlima na kikundi cha Fransiska, wale wanaojitolea kutunza msitu wa serikali hapa juu ya Nkoaranga, hatulipwi, tunakunywa uji pamoja basi, tukapanda mikuyu kwenye chemchemi, na kichakani nikakuta jiwe. Nikalifuta tope kwa khanga, nikasoma mwenyewe, herufi kwa herufi: MPAKA WA MSITU. Nikapiga kigelegele mpaka wenzangu wakaacha majembe, na tangu siku hiyo wananiita Bibi Mpaka.

Halafu nikainua macho. Jiwe liko huku chini, na kahawa yetu iko juu yake, ndani ya msitu.

Sikilizeni, njia ya mwongo ni fupi. Ule mwaka wa njaa baba yenu Gerson alifyeka hatua arobaini za msitu, akaniambia nipande masale pembeni, ile mimea ya kuwekea mipaka, kwa sababu alijua Mmeru huogopa laana, hang'oi masale ya mpaka wala haulizi. Nikayapanda kwa mikono hii. Miaka thelathini hakuna aliyeuliza, na chemchemi imekonda hadi ndoo moja inajaa kwa kuisubiri.

Elihuruma, najua unaitegemea kahawa ile, na nilipokuambia tuurudishe msitu ulinijibu, "Mama, kusoma kumekuharibu. Jiwe lilikuwa limenyamaza, wewe ndiye umelisemesha." Nilicheka mwanangu, ulisema vizuri. Lakini cha wizi hakirithishwi. Chukua shamba langu la chini, lote, na Magreth ameridhia. Si ndiyo, Magreth? Mmeona, anaitikia.

Masale hung'olewa na aliyeyapanda. Jumatatu nilijikongoja nikang'oa matatu, nguvu zikaisha, lakini utamu wa kazi ile, wanangu, sijawahi kuuonja! Basi yaliyobaki nayafungua kwa mdomo wangu leo. Atakayeyang'oa ni mkono wangu unaong'oa, hatapata dhara.

Jumamosi Fransiska analeta miche mia mbili. Nikiwa nimeshakwenda, msiahirishe kupanda. Waombolezaji waje na majembe, anayetaka kunililia alie akichimba shimo la mche. Na mtu wa nyumba hii asikose zamu ya kikundi, hata mmoja.

Nipeni maji... kidogo. Mungu awape miguu ya kupanda mlima, awape watoto watakaokunywa... maji ya pale... bila kuyasubiri.

Nani amesimama? Magreth, macho yangu... niambie, ni kaka yako?

Amechukua jembe?

Haya. Mfungulie mlango, apite.