Spéciose Ntirampeba, Mwalimu Aliyefundisha Jua Ndani ya Stoo

Dada yetu Spéciose Ntirampeba alizaliwa Musaga tarehe 14 Agosti 1957, mtoto wa kwanza wa marehemu mzee Gélase, karani wa posta, na mama Odette. Mimi ninayesoma wasifu huu, Télesphore, ni mdogo wake wa pekee.

Alianza shule ya msingi Musaga mwaka 1964, akasoma sekondari Gitega, na mwaka 1982 akahitimu fizikia chuo kikuu hapa Bujumbura. Huko alipata kitabu cha elimu ya nyota kisicho na jalada, akakisoma hadi kurasa zikaachana. Kuanzia Septemba 1983 alifundisha katika sekondari moja ya mjini.

Tarehe 6 Julai 1985 alifunga ndoa na Jovithe, fundi magari wa Buyenzi. Mungu aliwapa Mélissa mwaka 1987 na Orlane mwaka 1990.

Mwaka 1993 alipata nafasi ya kusomea astronomia Ubelgiji. Tiketi ilikuwa ya tarehe 25 Oktoba. Tarehe 21 mambo yaliharibika nchini, uwanja wa ndege ukafungwa. Sanduku lake lilikaa chini ya kitanda mwaka mzima bila kufunguliwa.

Mwisho wa Machi 1995 alimpelekea Jovithe chakula kazini, dukani kwa mzee Obeid, muuza vipuri. Risasi zikaanza, njia zikafungwa. Watu kumi na wanne walikaa siku kumi na moja katika stoo ya vipuri, mlango umefungwa kwa ndani. Binti zake walikuwa Musaga kwa bibi yao, naye hakujua kama wako hai.

Siku ya tatu risasi ilitoboa bati. Mchana duara dogo la mwanga likatokea sakafuni. Tahani, binti wa Obeid, aliyekuwa na miaka kumi na miwili, alisema ni umbo la tundu.

“Apana,” Spéciose akamwambia. “Angalia tundu, imepasuka vibaya. Hii ni picha ya jua lenyewe.”

Akalizungushia chaki. Baada ya dakika mbili duara lilikuwa limetoka nje ya mstari.

“Jua linakimbia?”

“Ni sisi tunakimbia. Dunia inatuzungusha, kilomita zaidi ya elfu moja na mia sita kila saa.”

“Na mulango imefungwa?”

“Na mulango imefungwa, mwanangu.”

Siku zilizofuata alipanga gololi za beringi, akawaonyesha kwamba jua ni nyota moja tu kati ya mabilioni katika galaksi yetu, na galaksi zenyewe hazihesabiki. Aliwaambia kwamba mtu akisafiri karibu na mwendo wa mwanga, saa yake huenda polepole kuliko ya waliobaki. Tahani akauliza, “Na sisi wenye kukaa pahali pamoja?” Akamjibu, “Sisi tunazeeka tu.” Watu walicheka. Jovithe anasema kila somo lilipokwisha mkewe alikwenda nyuma ya matairi kulia.

Siku ya kumi na mbili aliwakuta binti zake wazima.

Mwaka 1999 nchi jirani ziliondoa vikwazo, ndege zikarudi, na Ubelgiji wakamwandikia kwamba nafasi bado ipo. Lakini mama alikuwa amepooza tangu mwaka uliotangulia, nami nilikuwa katika kambi ya wakimbizi Tanzania. Hakwenda. Niliporudi nikamwita mtakatifu, alinikatiza: “Mi si mutakatifu. Nilikosa mutu wa kumuachia mama. Na inaniuma.” Mama mwenyewe ameomba neno hili lisomwe.

Februari 2003 redio ilitangaza kwamba wataalamu wamepima umri wa ulimwengu: miaka bilioni kumi na tatu na nusu na kidogo. Spéciose alipanda basi hadi Buyenzi, akamkuta Tahani dukani. “Mule mu stoo nilikwambia kati ya kumi na ishirini. Andika vizuri.” Tahani akaandika nyuma ya risiti.

Figo zilianza kumsumbua Novemba mwaka huohuo. Alifundisha hadi Pasaka, akiwa ameketi. Alifariki Jumapili tarehe 9 Mei 2004, saa nne asubuhi, mkono wake ukiwa katika mkono wa Orlane.

Ameacha mume, Jovithe. Mabinti wawili, Mélissa na Orlane. Mdogo wake, mimi. Na mama yetu Odette, ambaye tumembeba hadi hapa katika kiti chake, kwa sababu alikataa kubaki nyumbani.

Mungu ampokee dada yetu, ampumzishe kwa amani.