Mwalimu Zipporah Luvuno Kazungu (1971–2026): Aliyeita Akangoja Kuitikiwa

Ndugu, jamaa na majirani, mliozoea kufika kwetu na ambao hatukuwatarajia, karibuni. Tunayemzika leo hapa Matsangoni, Jumamosi tarehe 7 Februari 2026, ni Mwalimu Zipporah Luvuno Kazungu. Maisha yake kwa ufupi ni haya, na anayeyasoma ni mdogo wake, Jimmy Baya.

Luvuno alizaliwa tarehe 14 Agosti 1971 huko Sabaki, mtoto wa pili wa marehemu Baya na marehemu Sidi. Mahindi yalikuwa yakivunwa, ndipo akapewa jina hilo la mavuno. Zipporah aliongezewa kwenye ubatizo. Alikuwa mtoto wa wasiwasi. Mama yake alisimulia kwamba akiitwa alikuwa akiitika mara mbili, kisha anarudi kuuliza kama amesikika.

Alisoma shule ya msingi hapo hapo Sabaki na kumaliza sekondari mjini Malindi mwaka 1989. Baada ya chuo cha ualimu aliajiriwa hapa Matsangoni Januari 1994, na mwaka 2011 akawa mwalimu mkuu. Wengi mliopo mnakumbuka alivyoita majina asubuhi. Asiyeitika alifuatwa nyumbani mchana uleule, na mzazi aliyemficha mtoto shambani hakusahau maneno aliyoambiwa.

Tarehe 16 Desemba 1995 alifunga ndoa kanisani na Kazungu Ziro, fundi seremala, na Mungu akawajalia watoto watatu, wa kwanza Gladys. Aliimba kwaya, akawa kiongozi wa akina mama wa kanisa kwa miaka mingi. Hakuwa mtu wa kuambiwa dini ni nini.

Mwaka 2020 Mzee Ziro, baba mkwe wa Luvuno, aliitwa mchawi na watoto wa nduguye. Ushahidi wao ulikuwa mvi zake, na shamba lake walilokuwa wakilimezea mate. Nyumba yake ilichomwa moto. Mungu si Athumani, hakuwamo ndani. Alihamia kwa Luvuno, na tangu siku hiyo akawa anapaka nywele piko zisionekane nyeupe, huku akijitazama kwenye kioo cha dirisha. Luvuno alipomwona hivyo alitoka nje akalia.

Februari 2022 aliacha ualimu, akagombea uwakilishi wa wadi. Hakuwa upande wa waganga, wala hakuwa upande wa wahubiri waliokuwa wakitaja wachawi madhabahuni. Alisema mvi si uchawi, na mwenye shauri alipeleke kwa chifu au mahakamani. Alisimama katikati, na katikati hapo hakukuwa na ukuta wa kuegemea.

Mkutano wake mkubwa ulifanyika mwezi wa Juni katika uwanja wa shule. Spika aliziazima kwa Mchungaji Kioko wa kanisani kwake. Alipowaona wazee wameketi safu ya mbele, baadhi yao nywele zimepakwa piko kama za mkwewe, alitaka kuwapa heshima yao. Akashika kinasa sauti akaita, "Taireni!" Ni salamu ya wazee wa Kigiriama wanapofungua baraza, na jawabu lake ni "Za Mulungu," yaani za Mungu. Alisahau kwamba waganga nao huanza vivyo hivyo, na kwamba sauti ilikuwa ikitoka katika spika zilizoandikwa jina la kanisa. Wazee waliitika. Waumini walitazama viatu vyao. Kabla hotuba haijafika kati, mchungaji alituma vijana wakazichomoa spika, na mgombea aliyekuwa akihutubia uwanja mzima akabaki akihutubia safu ya mbele. Ijumaa iliyofuata maneno yakawa hayo hayo msikitini, kwamba mama yule analeta ushirikina.

Swabra, rafiki yake wa Takaungu aliyesimamia kampeni, hakumficha.

"Dada, omba radhi. Sema ulimi uliteleza."

"Haukuteleza. Mulungu ni Mungu."

"Mimi najua. Lakini watu wa kanisa wametutoka, na watu wa msikiti wametutoka. Tumebaki na nani?"

"Na wenye mvi, na watoto wao."

"Wenye mvi wanaogopa hata kwenda dukani. Foleni ya kura wataisimama?"

Tangu hapo usingizi ulimpaa Luvuno. Njiani aliwasalimu watu kisha akapunguza mwendo, asikie nani ameitika na nani amejitia hamnazo. Kila jioni alimuuliza Swabra swali moja, kama watapita bila watu wa dini, na kila jioni Swabra alimwambia ale kwanza.

Tusidanganyane mbele ya jeneza. Tarehe 9 Agosti 2022 Luvuno alishindwa. Waliompigia kura walikuwa wengi kuliko tulivyodhani, ila hawakutosha. Mzee Ziro mwenyewe alifika hadi langoni mwa shule, akaiona foleni, akarudi nyumbani. Luvuno hakumlaumu. Alimpikia uji, wakanywa pamoja.

Oktoba 2024 aligunduliwa kuwa na saratani ya titi, akatibiwa Mombasa na baadaye Kilifi. Hata kitandani alikuwa akiuwaza uchaguzi wa 2027. Mwezi uliopita Mchungaji Kioko alikwenda kumjulia hali.

"Mama Gladys, ukipona kanisa liko tayari kukuunga mkono mwaka ujao," alimwambia. "Iache tu ile salamu."

"Nikiiacha, Mchungaji, huyu Mzee Ziro atabaki na nani?"

Mchungaji alimshika mkono, akamwombea, akaondoka. Jioni hiyo Luvuno alimwagiza mumewe kwamba siku ya maziko yake Mzee Ziro aitoe salamu ile, kwa spika zile zile. Alifariki dunia alfajiri ya Jumanne, tarehe 3 Februari 2026.

Familia iliogopa kulichapa jambo hili, na mpaka sasa inaogopa. Mchungaji Kioko, anayetuongozea ibada, alipelekewa maneno haya kabla hayajachapwa. Hakusema ndiyo wala la. Alisema spika zitakuwepo, na ndizo hizi.

Marehemu ameacha mume, Kazungu Ziro. Watoto, Gladys, Baya na Tevin. Mdogo wake, Jimmy. Na rafiki yake, Swabra. Amemwacha pia baba mkwe wake, Mzee Ziro, ambaye baada ya mazishi haya ataendelea kuishi katika kijiji hiki bila yeye. Wale watoto wa nduguye wamefika pia. Tumewaona, na tunawashukuru kwa kuja.

Luvuno apumzike kwa amani. Kuita kwake kumekwisha. Sasa Mzee Ziro atasimama mbele yenu. Leo hakupaka piko. Akiita, tunawaomba muitike.