Bi Mwiko Anastaafu, Nta Inabaki

Baada ya miaka thelathini na mmoja katika kiwanda chetu cha vipodozi, mwenzetu tunayemwita Bi Mwiko, kwa sababu mwiko wake hamwazimishi mtu, anastaafu rasmi Ijumaa hii, tarehe 30 Juni. Uongozi umeniomba mimi, msaidizi wake wa miaka tisa, niandike wasifu mfupi wa kugawiwa kiwandani, wa kuchangamsha, usiomgusa mtu. Kwenye ufupi nitajitahidi.

Alianza kwa kubandika lebo. Mwaka wa tatu akahamia kwenye masufuria ya krimu, na huko ndiko alikokutana na alkoholi ya mafuta: nta nyeupe ya vipande vidogo, itokanayo na mawese au nazi. Hiyo ndiyo inayoyashikanisha maji na mafuta yasiachane, ikaipa krimu uzito na kuiacha ngozi laini. Ile alkoholi ya majimaji ya kusafishia vidonda hukausha ngozi, hii haikaushi. Zinafanana jina tu, na jina hilo limemletea Bi Mwiko matatizo yake yote hapa kazini.

Alikuwa na utaratibu wake. Mafuta na nta sufuria moja, maji sufuria nyingine, zote zifike nyuzi joto sabini na tano ndipo zikutane. Aliyemimina mapema aliambiwa akapunge upepo nje kidogo, na kila mtu alijua maana yake. Halikutoka pipa kabla hajaipaka krimu mgongo wa mkono wa kushoto na kusubiri dakika kumi. Mume wake hulalamika kwamba alioa mwanamke mwenye mkono mmoja wa msichana na mwingine wa mwashi.

Miaka sita iliyopita, idara ya mauzo ilichapisha lebo elfu nane za “Haina Alkoholi” bila kuuliza ndani kuna nini. Zilipofika, tukaamriwa tuitoe nta ili krimu ifuate lebo. Bi Mwiko alikataa. Alisema wanaojipaka vitu vyetu si wajinga, wakielezwa wataelewa. Kwa jibu hilo alipelekwa kuosha chupa miezi mitano. Sisi wengine tulinyamaza. Mimi pia nilinyamaza, na naona aibu kuyaandika haya.

Krimu isiyo na nta ikaenda madukani. Haukupita muda chupa zikaanza kurudi, maji chini, mafuta juu. Mama mmoja mwenye duka alileta boksi zima, akalitua mezani kwa meneja wa mauzo, akamuuliza anywe kipi na apake kipi. Bi Mwiko akaitwa arudi. Alikubali kwa sharti moja, kwamba lebo zibanduliwe na walioziagiza. Meneja alikaa siku mbili na beseni la maji ya moto, mikono ya shati imekunjwa, na tukiri ukweli, alibandua vizuri. Lebo mpya aliandika Bi Mwiko mwenyewe: “Ina alkoholi ya mafuta. Haikaushi. Ngozi yako ikiikataa, acha, kisha tuambie.” Wachache ngozi zao ziliikataa, na Bi Mwiko alimjibu kila mmoja kwa barua.

Sasa lile ambalo halitakiwi kutajwa leo. Mkurugenzi mpya ametoa waraka kwamba kuanzia Jumatatu nta itolewe na lebo ya “Haina Alkoholi” irudi. Alisubiri Bi Mwiko awe anaondoka. Nilipomwonyesha waraka huo, alivua aproni, akaikunja, akanikabidhi, kisha akauliza kama safari hii pia nitanyamaza.

Jibu langu ni hili, na limechapishwa nakala mia mbili lisije likapotea mezani kwa mtu. Sisi sita wa chumba cha kuchanganyia tumetia sahihi. Nta haitoki. Kama ni kuosha chupa, mikono tunayo kumi na miwili.

Asante, mama, kwa kila pipa na kwa kila ulipotusuta. Nenda kapumzike, tunakuombea afya, wajukuu wasumbufu na asubuhi zisizo na haraka. Na ukisikia tumefukuzwa, usije kutuombea msamaha.