Mwalimu Bushira Poni, Aliyewekewa Kiti Kila Alipokwenda

Sote ni wa Mungu, na kwake tumemsindikiza dada yetu. Bushira Poni alizaliwa tarehe 14 Machi 1978 huko Kuluba, Koboko, mtoto wa nne wa Mzee Duku, askari, na Mama Mariam. Mwaka uliofuata vita vilimtoa baba jeshini, familia ikakimbilia Sudani. Huko Bushira alihitimu Kurani kabla ya kaka zake, jambo ambalo sisi kaka zake hatujalisahau mpaka leo.

Familia ilirudi Koboko mwaka 1987. Alipomaliza darasa la saba, mwaka 1993, wachumba walikuwa wameshabisha hodi, na wazee waliona Kurani inamtosha msichana. Mzee Duku alimwita mkekani kwa mama yake akamwambia, “Enda soma. Lakini ukirudi, usikatae kukaa chini na wamama.” Akaahidi. Shuleni Arua, msichana wa Kiislamu darasani alikuwa yeye tu. Ramadhani alifuturu peke yake, kwa uji aliowekewa na mpishi.

Alihitimu ualimu mwaka 2000, akafundisha Arua mpaka akawa mwalimu mkuu. Aliishi Onduparaka, ambako vijana wa mpira walimwogopa kuliko refa. Mwaka 2003 aliolewa na Juma Adrabo, muuza nguo, aliyetangulia mbele ya haki mwaka 2016.

Ila ahadi ile ilimshinda, wala si kwa kiburi. Kila arusi na kila matanga ya Koboko, kabla hajavua viatu ajongee mkeka wa wanawake, kiti cha plastiki kilikuwa kimeshaletwa. Walimheshimu. Akaketi, mikono mapajani, wenzake wakimenya muhogo na kutaniana pale chini. Tuseme kweli, alikuwa mpweke.

Figo zilianza kumsumbua mwaka 2023. Siku ya Idi, tarehe 6 Juni mwaka huu, aliomba mwenyewe: “Leo mimi nataka kukaa chini.”

Wifi yake, Rashida, akamwonea huruma. “Chini iko baridi, mwalimu.”

Kiti kikaletwa. Alifariki Arua, Jumanne tarehe 10 Juni 2025.

Ameacha binti mmoja, Shakirah, kaka watatu, na wanafunzi wasiohesabika. Leo asubuhi wanawake wa Kuluba walimwosha, wakamlaza mkekani, wakaketi kumzunguka bega kwa bega. Rashida alimwita kwa jina, Bushira. Ee Mola, mpokee, na kwako asiwe mgeni.